Mto wa manyoya ya bata na foronya ya hariri hapa Lamu: nimepigwa, au sijui kulala?

#1 MwanaLangoni

Salaam alaykum jamaa. Nina swali dogo lakini limenikosesha usingizi kweli kweli, si maneno ya kupamba.

Shemeji yangu karudi kutoka Ulaya mwezi uliopita, akanizawadia mito miwili ya manyoya ya bata pamoja na foronya za hariri. Mto mwepesi, ukiubonyeza unazama, kisha unaumuka taratibu kama unga wa mahamri. Usiku wa kwanza nililala kama sultani. Usiku wa nne shingo ikaanza. Sasa ni wiki ya tatu: nikishtuka saa tisa za usiku kichwa kimelowa, manyoya yamejikusanya upande mmoja kama wali wa jana, au foronya imeteleza na mto uko sakafuni.

Nyumba ni ya zamani, Langoni, kuta za mawe, chumba cha ndani kabisa. Tuko maleleji, upepo haupo. Tunalala ndani ya chandarua, feni moja. Kitanda ni cha kamba cha marehemu nyanya, juu yake godoro la sponji.

Mke wangu analalia mto wake wa usufi aliokuja nao harusini, na analala fofofo. Anasema kilichoharibika si mto, ni kichwa. Wenye ujuzi nisaidieni: manyoya hayafai pwani, au nimeletewa bandia, au mimi ndiye sijazoea mambo makubwa?

#2 DaktariWaPunda

Mke kashatoa hukumu, wewe unakata rufaa huku?

#3 FundiMito_Malindi

Nashona mito na magodoro Malindi huu mwaka wa 28, kwa hivyo nisikilize mimi, wengine watakuja na ya vitabuni.

Manyoya ni kitu cha baridi. Yule bata anaogelea kwenye barafu, wewe unaogelea kwenye jasho. Kazi ya yale manyoya ni kushika joto la mwili lisitoke. Sasa ukiweka kichwa chako humo mwezi huu, joto litakwenda wapi?

Usufi ni mwengine. Kila unyuzi wake ni mrija mtupu, ndani hewa, nje una nta yake ya asili, maji hayaingii. Ndiyo maana zamani majaketi ya kuokolea watu baharini yalijazwa usufi, mpaka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jasho lako halina nafasi ndani ya mto wa namna hiyo. Nitasema na ubaya wake msije mkanisuta: usufi hausokoteki uzi, ni mfupi na unateleza. Unashika moto upesi, usiuweke karibu na chetezo. Na ukikaa mwaka bila kufunguliwa unakuwa madonge.

Wateja wangu walikuwa tele. Siku hizi kila mtu ni sponji.

#4 Mswahili_Oslo

Fundi heshima yako, lakini #3 umeyachanganya mawili. Niko Norwei mwaka wa 11, huku tunalala na haya mambo miezi yote.

Bata ana manyoya ya nje, yale yenye mshipa mgumu katikati, na chini yake ana vile vinyoya laini visivyo na mshipa, mfano wa ua la pamba pori. Hivyo vya ndani ndivyo ghali. Mto wa manyoya ya nje unachoma shavu, mto wa vinyoya vya ndani unazama. Ni vitu viwili na bei mbili. Halafu kuna vya bata wa bahari wa Aisilandi: yule jike hujinyonyoa mwenyewe kutandika kiota, watu wanakwenda kuviokota kwa mkono. Bei yake usiulize.

MwanaLangoni, tazama lebo. Imeandikwa asilimia ngapi kwa ngapi?

#5 MwanaLangoni

Lebo ndogo pembeni, inasema 90 kwa 10. Kisha kuna nambari 700 peke yake. Neno bukini naliona kwenye karatasi aliyoandika shemeji, "bata bukini".

#6 Mswahili_Oslo

Basi si bandia, angalau kwa lebo: vinyoya laini asilimia 90, manyoya ya nje 10. Ile 700 ni kipimo cha kuumuka: wakia moja ya vinyoya ikiachwa inajaza nafasi ya inchi za ujazo 700. Kadiri nambari inavyopanda, ndivyo hewa inavyokuwa nyingi na uzito kidogo. Kwa blanketi la baridi ni sifa kubwa. Kwa mto wa kichwa ni balaa, maana kichwa ni kizito na hewa haina mgongo. Mito ya huku mingi inachanganywa, manyoya magumu katikati, laini juu. Shemeji yako kakupa kizuri kupita kiasi.

#7 DaktariWaPunda

Bukini si ndiyo Madagaska kwa Kiswahili cha wazee? Kwa hivyo bata wa Madagaska, kapitia Ulaya, kashuka Lamu kwa boti ya Mokowe. Huyo bata kasafiri kuliko sisi wote humu.

#8 Bi_Asumini

Mwanangu MwanaLangoni, mamako mwenyewe wa Mkomani naandika kwa simu ya mjukuu, nisamehe.

Zitu hizi zote mwazisema, lakini hamjauliza: mto umeuanika? Mto ni kama kanzu, wataka yua. Sisi tangu utotoni, kila Ijumaa asubuhi mito na magodoro yote yuu ya dari, yapigwe kijiti, yageuzwe, yarudi kabla ya adhuhuri haijaungua. Usufi ukianikwa huumuka mpaka foronya haitoshi. Kisha mto wafukizwa udi. Sponji huwezi kuufukiza, harufu haikai, na ikishika cheche moshi wake ni sumu. Nyinyi mwalala miezi sita yuu ya yasho la yana kisha mwauliza mbona shingo.

Na hiko kitanda cha nyanya yako, kamba zimewambwa lini mara ya mwisho? Kama katikati pamebonyea, hata mto wa pepo hautakufaa.

#9 FundiMito_Malindi

Bi Asumini shikamoo. Hapo pa kamba umegonga ndipo, mimi sikukisoma vizuri kile kipande cha kitanda. Kitanda kilicholegea kinakunja mgongo, mto unalaumiwa bure.

#10 Dada_Vyumba

Nimefanya kazi ya vyumba kwenye hoteli Malindi miaka 14, ngoja niseme niliyoyaona kwa macho.

Wageni wengi wa kwetu Wataliano. Wanaozoea manyoya wanauliza mlangoni kabisa. Tuliwahi kuwa na mito 40 ya namna hiyo. Vyumba vyenye eyasi (kiyoyozi) mito ilikaa vizuri miaka. Vyumba vya makuti vyenye feni tu, mvua za mwezi wa tano zilipoanza, ndani ya wiki mbili ilinuka kama kuku aliyenyeshewa. Mwanzo tulidhani ni panya kafia darini. Tulifua, lakini vinyoya havikukauka mpaka katikati, vikaota ukungu. Tulitupa 26. Kwa hivyo mimi naamini ni unyevu, si joto. Wakati wa kusi, upepo unapiga, hakuna aliyelalamika hata kwenye makuti.

Na jambo jengine mtusaidie kueneza: hizi hesabu za nyuzi kwenye shuka. Mtu analeta shuka imeandikwa nyuzi 1000 anaringa. Wanahesabu uzi mmoja uliosokotwa mara mbili tatu kama nyuzi mbili tatu. Shuka ile inakuwa nzito kama turubai, hewa haipiti. Shuka ya pamba ya nyuzi 200 hadi 300, iliyofumwa moja juu moja chini, ndiyo wageni wetu wanaiulizia inanunuliwa wapi.

#11 KijanaMpeketoni

Nimefurahi kuona pamba imetajwa mwishowe. Sisi tunailima hapa hapa kaunti ya Lamu, mnatupita na lori kwenda kununua sponji Mombasa. Mto wa pamba hausemwi, kwa nini?

#12 FundiMito_Malindi

Kwa sababu ni mzito, kijana wangu. Pamba inakunywa jasho, inalala, haiamki. Ndani ya mwaka mto wa pamba ni tofali. Pamba iwe shuka, iwe foronya. Kujazia, hapana.

#13 KijanaMpeketoni

Tofali lako babu yangu kalalia miaka 30 na shingo yake ilikuwa imenyooka kama mlingoti.

#14 Mwalimu_wa_Zamu

Nafundisha fizikia, na naona kila mtu ana kipande chake cha ukweli ila hesabu haijawekwa mezani.

Katika hewa ya kawaida ya maabara, yaani unyevu wa asilimia 65, pamba huchukua maji kiasi cha asilimia 8.5 ya uzito wake. Hariri asilimia 11. Poliesta asilimia 0.4, yaani karibu na bure. Hii ndiyo sababu shuka ya poliesta inakugandamana mgongoni: jasho halina pa kwenda linabaki baina yako na kitambaa.

Kwa hivyo foronya ya hariri haina kosa, kama ni hariri. Inanyonya kuliko pamba. Tazameni kilicho chini. Huyu bwana amelala juu ya sponji. Sponji inashika joto la mwili na hewa haipiti vizuri ndani yake. Ongeza chandarua, kinazuia nusu ya upepo wa feni, nakisia kwa uzoefu wa nyumbani. Joto linatoka godoroni linapanda kichwani. Mto unasingiziwa.

Kwa maneno mengine nampinga Fundi #3, nampinga Mswahili #6, na kwa Dada #10 nakubali nusu.

#15 DaktariWaPunda

Mwalimu kaingia darasani kamcharaza kila mtu. Mimi nilinyamaza tu, mwalimu, sikufanya kitu.

#16 Ustadh_Mtaa

Assalaam alaykum. Mmezungumza joto na unyevu, hakuna aliyeuliza kama mwanamume yafaa kuilalia hariri yenyewe.

Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Hudhaifa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuvaa hariri na dibaji (hariri nzito) na kuikalia. Wanazuoni wengi, na Mashafii wenzetu wamo, wanachukua hapo kwamba mwanamume haifai kuifanya tandiko wala mto. Imamu Abu Hanifa alilegeza kuilalia, wengine hawakukubaliana naye. Wanawake wana nafasi yao. Kwa hivyo ndugu yetu foronya mpe mkeo, na shingo itapona kwa baraka.

Na ajuaye atakumbuka Bibi Aisha alivyoeleza godoro la Mtume: ngozi iliyojazwa nyuzi za mtende. Hapo hakuna bata wala 700.

#17 Nahodha_Shela

Ustadhi, na wale masahaba walioruhusiwa hariri kwa ajili ya upele? Mimi joto la maleleji linanitoa upele mgongo mzima. Nauliza kwa nia njema.

#18 Ustadh_Mtaa

Ni kweli, Zubeir bin Awwam na Abdurrahman bin Auf waliruhusiwa kuivaa kwa sababu ya kuwashwa. Lakini upele uwe wa kweli, si upele wa kutafuta fatwa.

Nyongeza kwa upande wa manyoya, maana nitaulizwa: manyoya ya mnyama anayeliwa yakichukuliwa naye yu hai ni tohara. Akichinjwa kisheria pia. Akifa kibudu, kwa madhehebu yetu ni najisi, wengine wanasema ni tohara. Bata wa kiwandani Ulaya sijui amekufaje.

#19 Mswahili_Oslo

Ustadhi, hapo pa kuchukuliwa akiwa hai huku kuna ugomvi mkubwa. Watu wanaandamana kwa sababu kuna wafugaji wanaomnyonyoa bata hai, na si tendo la huruma. Kampuni nyingi sasa zinaweka cheti kwamba manyoya ni ya bata aliyekwisha kuchinjwa kwa nyama. Kwa hivyo kitu tohara kwa madhehebu ndicho kiovu kwa wapenda wanyama. Nimekaa kimya kidogo hapa nikifikiri.

#20 Nahodha_Shela

Nirudi kwenye mto. Fundi #3 kasifu majaketi ya usufi. Marehemu baba alikuwa na moja la zamani kwenye jahazi. Jaketi lile adui yake hakuwa maji, alikuwa mafuta. Likirowa mafuta ya injini haliwezi kuelea tena sawa sawa, usufi unashikana.

Sasa namuuliza MwanaLangoni, unapaka nini kichwani?

#21 MwanaLangoni

Mafuta ya nazi. Kila usiku. Mke anapaka vilevile.

#22 Nahodha_Shela

Kesi imekwisha. Mafuta yamepenya kwenye foronya yakafika kwenye vinyoya, vikashikana bonge. Hariri ni nyembamba, haizuii.

#23 FundiMito_Malindi

Kesi haijaisha. Mke anapaka vilevile na mto wake wa usufi haujashikana. Kwa hesabu yako wa mke ndio ungeharibika kwanza, usufi ndio unaochukia mafuta.

#24 Nahodha_Shela

Labda foronya yake ni ya kitambaa cha marekani, pamba nzito. Mnanitafuta maneno.

#25 mtu_wa_shela

Nimeona jina Nahodha_Shela nikafurahi jirani. Uko upande gani, karibu na barabara ya ufuoni inayokwenda Silversands?

#26 Nahodha_Shela

Shela ya Lamu bwana. Kwetu barabara ni mchanga na punda.

#27 mtu_wa_shela

Ah, mimi Shela ya Malindi. Samahani. Endeleeni na mito.

#28 DaktariWaPunda

Punda nao wana godoro lao, jalala la kule nyuma ya mji. Hawajawahi kulalamika shingo.

#29 Mtembezi_Pate

Mnasema hariri kama kitu cha shemeji kutoka Ulaya. Pate ilikuwa ikifuma hariri Wareno walipoanza kupita huku, na wasafiri wao walioandika mwanzoni mwa karne ya 17 walizisifu nguo zake. Wazee wetu walifuga hariri wao wenyewe kabla ya hizo hoteli.

#30 Mwalimu_wa_Zamu

Kufuma ndiyo, kufuga ni neno jengine. Nguo zilifumwa Pate, lakini hariri yenyewe ilikuja kwa bahari kutoka mashariki. Kiwavi wa hariri anakula majani ya mforosadi, hakuna aliyewahi kunionyesha mashamba ya mforosadi Pate. Ufugaji nchini ni mambo ya karibuni, kuna kituo cha serikali Thika.

#31 Mtembezi_Pate

Sawa mwalimu, nimejikwaa. Lakini kufuma hamtatunyang'anya.

#32 mtu_wa_shela

Na Malindi tulimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, hariri ilikuwa inarudi na majahazi hayo hayo. Nyinyi Pate mlifuma masalio yetu.

#33 Mtembezi_Pate

Twiga mmoja mmeringa nao miaka 600.

#34 Kiruka_njia

Jamani hariri si inatoka kwa buibui?

#35 DaktariWaPunda

Inatoka kwa buibui la mke wangu, lile la Eid, ndiyo maana mfuko umetoboka.

#36 Bi_Asumini

Si buibui mwanangu, ni kiwavi wa nondo. Hujizungushia uzi mmoja mwembamba usiokatika, mamia ya mita, hata kilomita nzima, kisha nyumba yake hutiwa mai ya moto ili uzi uregee uvutwe. Kiwavi hufia ndani. Ndiyo maana nguo ile mimi naivaa kwa adabu.

Na mumwambie MwanaLangoni, hariri haifuliwi kwa mai ya kisima ya chumvi, hukakamaa. Mai ya Shela ya matamu, baridi, sabuni kidogo, usikamue, usianike yuani. Yua hugeuza hariri rangi ya manjano na kuila. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ukiitia, waiyeyusha. Mtu aweza kuharibu nguo ya mwaka kwa asubuhi moya.

#37 Dada_Vyumba

Hapo Bi Asumini kanigusa. Unaona tatizo? Mto unataka jua, foronya haitaki jua. Kwetu dobi mmoja alianika vyote pamoja, akatuletea foronya za rangi ya chai.

#38 Fundi_Cherehani

Nimesoma kurasa zote, hakuna hata mmoja aliyehakikisha kama hiyo foronya ni hariri. Madukani ninakonunua vitambaa, nusu ya kinachoitwa hariri ni atlasi. Atlasi ni namna ya kufuma tu, upande mmoja unang'aa. Inaweza kufumwa kwa hariri, inaweza kufumwa kwa poliesta, mkononi zinafanana. Kama ni ya poliesta, jasho lote la kichwani limepata maelezo, na hesabu ya Mwalimu #14 inarudi kumuuma yeye mwenyewe, maana alisema "kama ni hariri".

Lebo ya hariri nzuri hutaja uzito kwa kipimo chao cha mome, foronya za kulalia huwa 19 hadi 25. Mome 22 ni kama gramu 95 kwa mita ya mraba. Kama lebo haisemi, chomoa uzi uuchome. Hariri inanuka kama nywele zinazoungua, inabaki majivu yanayosagika kidoleni. Poliesta inayeyuka inakuwa tone gumu jeusi, harufu ya plastiki.

#39 Mwalimu_wa_Zamu

Nakubali, nilisema "kama". Mwalimu mzuri huacha mlango.

#40 MwanaLangoni

Lebo ya foronya haisemi mome, inasema hariri tu kwa herufi za dhahabu. Nimechoma uzi sasa hivi, sahanini. Umeyeyuka. Tone jeusi, gumu kama mbegu ya papai.

#41 Fundi_Cherehani

Poliesta. Pole. Mpigie shemeji salamu.

#42 FundiMito_Malindi

Niliwaambia. (Sikusema hili hasa, lakini niliwaambia.)

#43 Bi_Asumini

Uzi huo umeutoa wapi mwanangu?

#44 MwanaLangoni

Kwenye mshono wa ndani Bi, nisije nikaharibu mbele.

#45 Bi_Asumini

Basi umechoma uzi wa cherehani, huyachoma hariri. Nguo hata iwe ya hariri ya pepo, kiwandani hushonwa kwa uzi wa poliesta, ni imara zaidi. Chomoa uzi wa kitambaa chenyewe, pale penye pindo pana.

#46 Fundi_Cherehani

Bi Asumini kasema kweli, narudisha ile pole mfukoni kwa muda. Mimi mwenyewe nashonea hariri kwa uzi huo na nilisahau kumwambia.

#47 Mswahili_Oslo

Wakati tunasubiri moto wa pili: MwanaLangoni, mto utie kwenye kikaushio cha dobi chenye joto dogo, na mipira miwili mitatu ya tenisi ndani. Mipira inapigapiga mabonge yanaachana. Huku ndivyo tunavyofanya kila mwisho wa baridi.

#48 Nahodha_Shela

Kikaushio Langoni? Atakipata wapi? Mpe punda aukanyage.

#49 Dada_Vyumba

Malindi vipo kwenye hoteli. Lakini kama mafuta yamo, joto linayapikia ndani. Ufuliwe kwanza, na kufua ndiko kulikotuua sisi.

#50 Mwalimu_wa_Zamu

Jaribio rahisi zaidi ni kuondoa kitu kimoja kimoja. Usiku mmoja lala na mto wa manyoya kwenye foronya ya pamba. Usiku wa pili mto wa usufi kwenye foronya ya hariri. Usiku wa tatu hamia kwenye mkeka na mto wowote, bila sponji. Andika saa uliyoshtuka.

#51 MwanaLangoni

Narudi na majibu, ingawa hayatawapendeza.

Usiku wa kwanza, manyoya kwa foronya ya pamba: haukuteleza, lakini jasho pale pale. Usiku wa pili, mto wa usufi wa mke kwa foronya ya hariri: nililala mpaka alfajiri. Nikashangilia. Halafu nikakumbuka kwamba usiku huo mvua ilinyesha na upepo ukaingia, kwa hivyo sijui ni usufi au ni Mungu. Usiku wa tatu mkeka: mgongo umeniuma nikashtuka saa nane, sikuweza kutazama jasho.

Kuhusu moto wa pili. Nilichomoa uzi pindoni kama alivyosema Bi, nikauwasha, nikainama kunusa. Harufu ya nywele, wazi kabisa. Nikamwita mke, nikamwambia ni hariri. Akanitazama akasema "ni ndevu zako." Kweli upande wa kushoto zimeungua kidogo. Majivu yalipeperushwa na feni kabla sijayasaga.

#52 Fundi_Cherehani

😂😂 Chomoa mwengine, na uvae barakoa.

#53 MwanaLangoni

Haitawezekana. Katika zile siku za jaribio mto wa usufi ulikuwa kwangu, kwa hivyo mke alichukua ule wa manyoya na foronya yake. Analala fofofo. Kaukunja mara mbili chini ya shingo, hautelezi, hatoki jasho, feni ile ile, sponji lile lile, mafuta ya nazi yale yale. Na foronya kasema haichomwi tena, iwe hariri isiwe.

#54 Ustadh_Mtaa

Kwa foronya, alhamdulillah, imefika mahali pake.

#55 Mwalimu_wa_Zamu

Kaukunja mara mbili! Hapo unene umebadilika, jaribio limeharibika. Anza upya.

#56 FundiMito_Malindi

MwanaLangoni, huo mto wa usufi uliobaki nao wa miaka mingapi?

#57 MwanaLangoni

Miaka 17, fundi. Nimeona leo una madonge.

#58 Bi_Asumini

Ulete. Nimeanika usufi mpya yuu ya dari tangu asubuhi, umetoka Witu, mjukuu ameuchambua mbegu zote. Ndoo baada ya laasiri, na kitambaa cha milia usisahau, mita moya na nusu. Ile sponji uiache nyumbani.

#59 Kiruka_njia

Bi, na mimi nikija na kitambaa kuna wa kubaki?